Hesabu ya Pili: Siku Sita Garsen

Ukishavuka daraja la Sabaki na kuiacha Malindi nyuma, bahari hukufuata kwa harufu tu. Mambrui hupita na minazi yake, kisha Gongoni na Marereni na mashamba ya chumvi yanayometameta juani, na baada ya hapo nchi hubadilika. Minazi hukoma. Vichaka vya miiba hushika pande zote mbili za barabara, na ng'ombe huvuka lami bila kutazama kushoto wala kulia, kwa kuwa barabara ndiyo iliyowakuta wao pale. Baada ya mwendo wa kiasi cha kilomita 110 kutoka Malindi, mgeni huona miti mirefu ya kijani kwa mbali, akadhani amefika msituni. Ni miembe. Palipo na miembe mingi namna ile, mto u karibu.

Tulikwenda, mimi na mdogo wangu wa kiume, mwezi wa Shaabani, kwa akika ya mjukuu wa shangazi yetu aliyeolewa Garsen tangu sisi tukiwa watoto. Mdogo wangu alikuwa amerudi karibuni kutoka Falme za Kiarabu, ambako kwa miaka sita alifanya kazi katika mazizi ya farasi. Nyumbani kazi hiyo ilikuwa mzaha. Wengine walirudi na magari, yeye alirudi na saa ya kuhesabia dakika na kifaa cha kusikilizia moyo ambacho mpira wake ulikuwa umefungwa kwa uzi. Sikujua kwamba vitu hivyo viwili vingetufaa kuliko zawadi zote tulizobeba.

Garsen si mji wa kupigwa picha. Ni njia panda iliyokua ikawa mji: maduka ya mabati, misikiti, vibanda vya chai na mabasi yanayosimama kidogo kabla ya kuendelea upande wa Witu na Lamu. Ambaye hakukaa hapo zaidi ya muda wa kunywa chai atasema ni vumbi na joto, na hatakuwa amesema uongo. Lakini pale ndipo watu wa mto na watu wa malisho hukutana kila siku. Wapokomo hulima kandokando ya Tana, mahindi, mpunga, ndizi na ile miembe. Waorma na Wawardei huja na ng'ombe wao kutoka bara kavu, wakishuka majini kwa njia maalumu ziitwazo malka. Malka ikifungwa kwa shamba, au shamba likiliwa na ng'ombe, ugomvi huzaliwa. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 zaidi ya watu mia moja waliuawa katika vijiji vya eneo hili. Shangazi hazungumzii miezi ile. Alichotuambia ni kwamba aliyemletea maji wakati ule, na anayemletea hadi leo, ni mama mmoja wa Kiorma mwenye punda.

Na mto wenyewe? Tana ndio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, kiasi cha kilomita 1,000. Hutoka milima ya Aberdare na Mlima Kenya, hupita mabwawa ya umeme, kisha hushuka taratibu mpaka baharini karibu na Kipini. Maji yake ni ya rangi ya chai ya maziwa. Mwaka 1997, na tena 2018, na tena mwishoni mwa 2023, ulitoka kingoni ukachukua nyumba na mashamba. Mwaka 2022 watu wale wale walikuwa wakiomba mvua. Mto huu haujui kiasi. Anayeishi kando yake hujifunza kuhesabu siku, mitungi na mifugo.

Siku tulipofika, bomba la uani kwa shangazi lilikuwa kavu, siku ya tatu hiyo. Wageni wa akika walitarajiwa Alhamisi. Mbuzi wawili walikwisha kununuliwa, mchele ulikuwapo, kuni zilikuwapo, na maji hayakuwapo. Kwa hiyo sote tulikuwa tukimngojea mama yule na punda wake.

Alifika Jumanne asubuhi, mapema. Punda jike wa rangi ya majivu, mwenye mstari mweusi wa msalaba mabegani, akibeba mitungi minne ya lita 20, miwili kila upande, juu ya shogi ya magunia. Hizo ni kilo 80 za maji. Kijana wake wa miaka kama kumi na miwili alitangulia na fimbo. Mama alipewa shilingi 20 kwa kila mtungi, na kwa fedha hiyo analisha watoto wanne. Mumewe alifariki miaka mitatu iliyopita. Tulisalimiana, tukaulizana hali, na kabla hajakaa chini akaanza kulalamika.

"Punda huyu amekuwa mvivu," akasema. "Zamani tulikwenda safari sita kwa siku bila tabu. Sasa ya tatu tu anasimama njiani. Nikimpiga anakwenda, kisha anasimama tena. Kuna mtu ameniambia atamnunua kabla ya wiki kwisha."

Shangazi akanitazama. Sote tulijua wanunuzi wa namna hiyo huwapeleka punda wapi. Tangu 2016 machinjio ya punda yalifunguliwa nchini hadi yakafika manne, ngozi zikisafirishwa Uchina kutengenezewa dawa iitwayo ejiao. Serikali ilipiga marufuku mwaka 2020, Mahakama Kuu ikaiondoa marufuku hiyo mwaka 2021, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kusitisha biashara ya ngozi za punda katika bara zima. Makubaliano ya Addis Ababa ni kitu kimoja, na mtu anayekuja usiku na lori ni kitu kingine. Mama yule hakuwa mkatili. Alikuwa na watoto wanne na mnyama ambaye, kwa hesabu yake, alikuwa akila zaidi ya anavyoleta.

Mdogo wangu alikuwa ameketi kwenye kizingiti, akimtazama punda na si mtu. Akauliza kwa adabu, "Mama, utaniruhusu nimsikilize moyo?"

Mama akacheka. "Msikilize, mwanangu. Labda atakuambia wewe kinachomsibu."

Hapa inanibidi nieleze alikolipata jambo lile, maana bila hilo mtadhani ni michezo ya kijana.

Huko Ghuba kuna mbio za farasi ambazo si za kasi ya dakika mbili uwanjani. Ni mbio za masafa marefu jangwani, na Waarabu huziita mbio za qudra, neno lile lile ambalo sisi tunalitamka kudura. Masafa makubwa kabisa ni kilomita 160 kwa siku moja. Mtindo wake wa sasa ulianzia Marekani, katika jimbo la California, mwaka 1955, pale Wendell Robie na wenzake walipovuka milima kwa farasi maili 100 kwa siku moja kuonesha kwamba inawezekana. Leo mbio hizo zinasimamiwa na Shirikisho la Kimataifa la Farasi, FEI, na sheria yao kubwa haihusu mpanda farasi hata kidogo. Inahusu moyo wa mnyama.

Njia hugawanywa vipande, na mwisho wa kila kipande kuna kituo cha madaktari wa mifugo. Farasi akifika, saa haisimami. Husimama pale tu anapopelekwa mbele ya daktari na mapigo ya moyo wake kuonekana yameshuka hadi 64 kwa dakika au chini yake. Ana dakika 15 za kushuka. Asiposhuka, ametolewa, hata kama alikuwa wa kwanza na hata kama mwenye farasi ni nani. Ndiyo maana mazizini vijana kama mdogo wangu hukimbia na ndoo za maji baridi kumwagia shingo na kifua, humvua farasi tandiko, hunyamazisha watu. Farasi anayetulia upesi huokoa dakika ambazo kasi haiwezi kumpa. Na anayevuka mstari wa mwisho mbele ya wote hajashinda bado. Naye pia hungoja daktari.

"Niliona farasi wa kwanza akikosa ushindi," mdogo wangu aliwahi kunisimulia. "Watu walikwisha kushangilia. Daktari akaweka kifaa kifuani, akahesabu, akatikisa kichwa. Palikuwa kimya kama msikitini."

Nisiwape picha nzuri kupita kiasi. Mchezo ule umekuwa na aibu zake: farasi waliovunjika miguu kwa kukimbizwa mno, na dawa za kuficha maumivu. Machi 2015 FEI ililisimamisha shirikisho la Falme za Kiarabu kwa miezi kadhaa kwa sababu hizo hizo za ustawi wa farasi. Sheria ya moyo ni nzuri, lakini mwenye tamaa hutafuta mlango wa nyuma. Mdogo wangu aliyasema hayo yeye mwenyewe, na nadhani ni moja ya sababu zilizomrudisha nyumbani.

Basi Garsen hakuna farasi. Mbung'o wa vichaka vya Tana, na maradhi mengine ya farasi yaletwayo na usubi, havikuwapa farasi nafasi katika nchi hii. Ng'ombe wa Waorma wenyewe wamesifiwa na watafiti katika ranchi ya Galana, si mbali na hapo, kwa kustahimili ugonjwa wa mbung'o kuliko ng'ombe wengine wa aina ya Borana. Mnyama wa mizigo hapa ni punda, kama alivyo Lamu, ambako tangu 1987 kuna kituo cha kutibu punda bila malipo. Na moyo wa punda hauna tofauti kubwa na wa farasi. Farasi aliyepumzika huwa na mapigo 28 hadi 40 na ushei kwa dakika. Punda yuko juu kidogo, wastani wa 44, ingawa hata 36 au 60 inaweza kuwa kawaida yake.

Mdogo wangu akaagiza kwanza mitungi ishushwe. Mama na kijana walikuwa wamezoea kuzungumza kidogo, kunywa chai, kisha ndipo kushusha. Shangazi, ambaye hufundisha wanawake darsa Jumamosi, akamkumbusha mama kwa upole kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza watu kuifanya migongo ya wanyama kuwa mimbari, kukaa juu yao au kuwaacha na mizigo huku tukimaliza maneno yetu. Mama akasema, "Kweli, dada," akaanza kufungua kamba mwenyewe.

Punda akasimamishwa chini ya mwarobaini. Mdogo wangu akaweka kifaa nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele wa kushoto, akatazama saa, akahesabu kwa sekunde 15 na kuzidisha mara nne. Mapigo 76. Kisha tukangoja. Alimpa maji ya kunywa, akamwagia mengine shingoni. Mama alitaka kumzuia, kwani alikua akiambiwa maji ya baridi humuua mnyama mwenye joto. Ni imani iliyoenea duniani kote, hata kwa wenye farasi wa Ulaya, mpaka wataalamu walipoichunguza kabla ya Michezo ya Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996 na kuona kwamba maji baridi humpoza farasi bila kumdhuru.

Baada ya dakika kumi akahesabu tena. Kumi na tatu kwa robo dakika. Hamsini na mbili.

"Alhamdulillahi," akasema mama. "Moyo umerudi. Si nimesema? Ni uvivu tu."

Nami nilifikiri hivyo hivyo. Mapigo yalikuwa yameshuka vizuri. Kwa kipimo cha jangwani angeruhusiwa kuendelea. Lakini mdogo wangu hakuondoa kifaa. Alimwambia kijana amshike punda kamba, amkimbize mchakamchaka hadi kwenye ua wa jirani, kiasi cha hatua 50, kisha amrudishe. Alipoondoka tu, akabonyeza saa. Punda alikwenda na kurudi kwa mwendo ambao macho yangu hayakuona kasoro. Hakuchechemea. Akasimama, akatega masikio. Dakika moja ilipotimia tangu aanze kukimbia, mdogo wangu akahesabu.

Kumi na saba. Sitini na nane.

Hesabu hiyo ya pili ndiyo iliyobuniwa na daktari wa farasi wa Kimarekani, Kerry Ridgway, ili kunasa kile ambacho hesabu ya kwanza hukificha. Unapima, unamkimbiza mnyama mwendo mfupi, futi 125 kwenda na 125 kurudi, kisha unapima tena dakika moja baada ya kuanza kukimbia. Mnyama mzima, ambaye mapumziko yamemfaa kweli, moyo wake hurudi pale pale ulipokuwa, au hata chini. Ukizidi kwa mapigo manne au zaidi, daktari hukunja uso. Hapa palikuwa na 16.

Sababu yake haihitaji elimu kubwa. Mnyama aliyekauka maji ana damu kidogo mishipani, hivyo moyo hupiga mara nyingi zaidi kufanya kazi ile ile. Aliyepandwa na joto hulazimika kupeleka damu kwenye ngozi ili apoe. Na mwenye maumivu moyo wake hupanda kwa kuumia. Akisimama kivulini, mambo yote matatu yanaweza kujificha. Mwendo mfupi huyafichua, kama mgonjwa anayesema hajambo akiwa kitandani, ukamwambia ainuke akachote maji.

Wala namba peke yake si hukumu. Punda aliyetishwa na mbwa mapigo yake hupanda, na vilevile aliyetenganishwa na mwanawe. Mkono wa mgeni kifuani nao humtia wasiwasi. Kwa hiyo mdogo wangu alirudia. Alimwacha dakika kumi nyingine, akaondoa watoto waliokusanyika, akahesabu: 52. Kijana akamkimbiza tena. Dakika moja: 72.

"Mama," akasema, "huyu si mvivu. Kuna kitu kinamuuma akitembea."

"Mbona hachechemei?"

"Punda hasemi. Farasi angekwisha kulala chini."

Hilo nimelisikia baadaye hata kwa mganga wa mifugo: punda huficha maumivu kuliko wanyama wengi wa kufugwa, na ndiyo maana wengi hufikishwa kwa daktari wakiwa wamechelewa. Sisi tunaita ukaidi. Nilikumbuka kisa cha ngamia aliyemlilia Mtume (s.a.w.) katika bustani ya mtu mmoja wa Ansari, naye akamfuta machozi na kumwuliza mwenye ngamia kama hamwogopi Mwenyezi Mungu, kwani mnyama alikuwa ameshtaki kwamba anaachwa na njaa na kuchoshwa. Tangu utotoni nilikuwa nikikisikia kama kisa cha huruma. Pale chini ya mwarobaini nilikisikia kama kisa cha mtu aliyejua kusikiliza.

Alianza na mgongo, akapapasa chini ya shogi. Palikuwa na kovu kuukuu, halikumshtua. Akashuka miguuni, mmoja mmoja. Mguu wa mbele wa kulia, ule ule wa upande ambao punda hupenda kuegemea njia ikiinama kuelekea mtoni, ulikuwa na joto kidogo ukwatoni. Aliposafisha tope kwa kijiti na kubonyeza karibu na ile sehemu laini ya katikati ya unyayo, punda akauvuta mguu kwa nguvu iliyotaka kumwangusha. Ndani ya tope palionekana nukta nyeusi, ndogo kama punje ya ufuta.

Mama akainama, akatazama, akasema neno moja tu. "Mathenge."

Nani wa Tana asiyeujua mti huo? Uliletwa Kenya kuzuia jangwa, ukageuka kuwa jangwa la namna nyingine: vichaka visivyopenyeka, vinavyofunga njia za ng'ombe na kung'oa meno ya mbuzi wanaokula maganda yake matamu. Mwiba wake hupenya tairi la baiskeli. Huu ulikuwa umeingia ukavunjikia ndani, na juu yake unyayo ulikuwa umeanza kujifunga. Akiwa na kilo 80 mgongoni, kila hatua ilikuwa ikiusukuma zaidi. Haikuwa ajabu kwamba safari ya tatu ilimshinda.

Mdogo wangu hakuutoa. Nilimheshimu kwa hilo kuliko kwa yote aliyoyafanya. Alisema mwiba ukitolewa kwa pini ya nywele huacha kipande, na kipande huzaa usaha. Tukampigia simu mganga wa mifugo wa mjini, akaja baada ya Adhuhuri kwa pikipiki, akapanua tundu kwa kisu chake, akatoa mwiba wenye urefu wa kucha ya kidole gumba na usaha kidogo nyuma yake. Akaosha, akafunga kwa kitambaa na mpira wa ndani wa tairi, akampa sindano ya kuzuia pepopunda. Jina hilo la ugonjwa nililitumia maisha yangu yote bila kujiuliza lilikotoka. Mganga akasema farasi na punda hushikwa nao upesi kwa vidonda vya namna ile ile. Akaagiza mapumziko ya siku saba, bila mzigo.

Siku saba. Mama alikaa chini juu ya mtungi mmoja mtupu. Nilimwona akihesabu kwa vidole, si mapigo bali shilingi. Kwake ile haikuwa habari njema. Asubuhi alikuwa na punda mvivu na mnunuzi, na sasa alikuwa na punda mgonjwa, mnunuzi asiyemtaka tena kwa moyo wote, na siku saba bila kipato. Ni rahisi kwa sisi wageni kusema ampumzishe.

Shangazi hakusema maneno mengi. Aliingia ndani, akarudi na fedha za mitungi ya juma zima, akasema ni malipo ya mbele kwa maji ya akika na ya baadaye. Mama alikataa mara mbili, akapokea mara ya tatu. Jirani akatoa mkokoteni wake wa mkono. Jumatano na Alhamisi kijana alisukuma mkokoteni huo hadi mtoni na kurudi, mdogo wangu akimsaidia, na akika ikafanyika kwa maji hayo. Mtoto akanyolewa, akapewa jina la babu yake. Wanawake walipika tangu alfajiri, na nilipokuwa nikikoroga sufuria ya pilau nilikuwa nikiukumbuka ule mwiba.

Jioni ya Alhamisi, wageni walipokwisha kuondoka, shangazi akajitolea yeye mwenyewe apimwe. Ana umri wa miaka 60 na kitu, na huhema akipanda ngazi za kwa mwanawe kule Malindi. Mdogo wangu akamhesabia mapigo ya mkono, na mimi nikamtembeza uani mara sita. Si mzaha mtupu. Mwaka 1999 madaktari wa Cleveland, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu watu waliopimwa wakikimbia kwenye mashine, wakaona kwamba wale ambao mapigo yao yalishuka kwa 12 au pungufu katika dakika ya kwanza ya mapumziko walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa katika miaka michache iliyofuata. Namba za shangazi sitaziandika humu. Inatosha kusema kwamba tuliondoka naye Jumamosi hadi Malindi kumwona daktari, naye njia nzima akilalamika kwamba amefanywa punda.

Kabla ya kuondoka, mdogo wangu alimwachia kijana saa yake. Kifaa cha kusikilizia hakuweza kumwachia, lakini alimfundisha kuutafuta mshipa chini ya taya, pale mfupa unapopinda, kwa vidole viwili bila kubonyeza sana. Walikaa nao zaidi ya saa moja, kijana akikosa na kutafuta tena, hadi akaupata, na uso wake ukabadilika. Nami nikajaribu. Unapoupata, ni kama uzi unaovutwa taratibu kutoka upande wa pili wa ukuta.

Siku ya tisa simu ililia tukiwa nyumbani Malindi. Ilikuwa namba ya mama, lakini sauti ilikuwa ya kijana.

"Kaka, nimempima. Alipumzika tangu jana. Ya kwanza kumi na mbili."

"Vizuri. Ukamkimbiza?"

"Nimemkimbiza hadi uani. Ya pili kumi na tano."

Mdogo wangu akafumba macho, akizidisha kwa nne. Arubaini na nane, sitini. Akauliza ukwato una joto, kijana akasema kidogo. Akauliza wamempakia nini, kijana akanyamaza, kisha akasema mitungi miwili tu, tena mama ndiye aliyesema, na bado haijajazwa.

"Mwambie mama siku tatu zaidi," akasema mdogo wangu. "Mwambie nimeomba mimi."

Tulimsikia kijana akigeuka na kusema kwa Kiorma. Kisha sauti ya mama, ndefu, ambayo hatukuielewa, na kijana akijibu. Baadaye tukasikia mitungi mitupu ikiwekwa chini, mmoja, halafu wa pili.